Garanti si bima: barua kwa mdogo anayetafuta chumba Kisangani

Mdogo mmoja wa fakulte ameniandikia mwezi huu. Amepata chumba huku Makiso, dola 40 kwa mwezi, na mwenye parsele anamuomba garanti ya miezi 6. Alitaka kujua kama bei ni nzuri. Halafu akaongeza neno moja ambalo lilinifanya niache kazi niliyokuwa nafanya: «Hata kama ni mingi, yaya, si ile garanti ndiyo itanilinda siku kitu ikitokea?»

Hapana. Haitamlinda. Mimi pia niliamini hivyo nikiwa na umri wake, na kosa hilo nimelilipa kwa dola, mwezi kwa mwezi.

Niseme mapema: nina lisansi ya agronomia, sina ya sheria wala ya bima. Haya ninayoandika niliyakusanya kwa kuulizauliza, kwenye ofisi ya komini, kwa mkubwa mmoja mwanasheria tuliyeimba naye kwaya, na kwenye dirisha la kampuni moja ya bima ambako dada aliyenipokea alishangaa kidogo kuona kijana anauliza bima ya chumba kimoja. Alinijibu vizuri lakini. Kwa hiyo mwenye kujua zaidi anisahihishe.

Mwaka 2021 nilipanga chumba Mangobo, katika aneksi ya vyumba vinne chini ya paa moja. Kodi dola 35. Garanti miezi 6, ni kusema dola 210, pesa ambazo nilizipata kwa mahindi ya msimu mzima. Mkataba hatukuandika. Mama mwenye parsele aliandika tu kwenye karatasi ya daftari «nimepokea 210», akatia sahihi, basi, tukacheka, nikaingia na godoro langu juu ya toleka.

Mwezi wa nane nilikuwa Bengamisa, napima mihogo ya wakulima. Umeme ulikuwa umekatika siku mbili mjini, na usiku ule ukarudi kwa nguvu, namna mnavyoujua. Ufunguo nilikuwa nimewaachia majirani ili wachaji simu zao kwenye ralonji yangu, kwa sababu chumba changu ndicho kilichokuwa na prizi nzuri. Saa saba za usiku paa likashika moto. Mungu alisaidia, hakuna mtu aliyeumia. Lakini chumba changu na cha jirani viliungua kabisa, na vile viwili vingine vikaharibiwa na maji na moshi.

Niliporudi asubuhi kwa moto (pikipiki, nisieleweke vibaya), mama mwenye parsele alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha plastiki. Hakupiga kelele.

«Mwanangu, moto ilitokea mu chumba yako. Ralonji ni ya nani?»

«Ni yangu, mama. Lakini mimi sikukuwa hapa.»

«Ndiyo, weye haukukuwa. Ralonji ilikuwa.»

Sentensi ile ndiyo muhtasari wa sheria yetu, ingawa mama hakusoma sheria. Kodi ya madeni ya nchi yetu, ile tunaita Kitabu cha Tatu cha Kodi ya raia, mizizi yake ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Humo mpangaji ndiye anayejibu kwa moto unaotokea ndani ya nyumba aliyopanga, isipokuwa akihakikisha kwamba moto haukutokana na kosa lake. Muangalie vizuri mzigo uko upande gani. Mwenye nyumba halazimiki kuonyesha kwamba ulikosea. Ni wewe unayepaswa kuonyesha kwamba haukukosea, na ushahidi wenyewe mara nyingi umekwisha kuwa majivu.

Sasa nilikuwa na shida tatu, na nataka tuzitenganishe, kwa sababu bima ya mpangaji, popote duniani, imejengwa juu ya hizo tatu.

Ya kwanza ni vitu vyangu. Godoro dola 60, kompyuta 350, mbabula na sufuria 15, nguo 120, vitabu 50, mzani wa kazi 40, na mbegu za mpunga na mahindi nilizokuwa nazitunza kwa msimu, 65. Jumla dola 700. Ilikuwa karibu mali yangu yote. Ya pili ni nyumba ya mama: mabati, mbao, plafo, mlango, fundi. Ya tatu ni jirani yangu, mama mshonaji, ambaye mashine yake ya kushona na vitambaa vya wateja wake vilikuwa ndani. Kama moto ulitoka kwangu, na yeye alikuwa na haki ya kunidai.

Tulipeleka jambo kwa shefu wa kartie, yeye akatutuma kwenye ofisi ya makazi ya komini. Pale walisikiliza kila mtu kwa upole. Fundi alihesabu sehemu yangu ya matengenezo: dola 390. Mama akachukua garanti yote, 210, ikabaki deni la 180, nililolipa 30 kila mwezi kwa miezi 6, huku nikilala kwa mjomba upande wa Tshopo. Kumbe garanti ilifanya kazi yake kabisa! Ilimlinda yule iliyewekwa kwa ajili yake. Garanti ni pesa yako iliyokaa mkononi mwa mwenye nyumba kusudi yeye asipate hasara: ukikimbia na kodi, anakata humo, ukivunja dirisha, anakata humo. Wewe ukipoteza kompyuta, haina neno la kukuambia.

Kuhusu kiasi chake, tuna sheria nzuri ambayo watu wachache wanaitumia. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, juu ya nyumba za kupanga zisizo za biashara ya kitaalamu, inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Miezi 6 ninayoisikia kila siku mjini haina msingi humo. Sheria hiyohiyo inataka mkataba uandikwe. Mimi nililipa 210 wakati nilipaswa kulipa 105, na bila mkataba. Mkubwa wangu mwanasheria alicheka sana: «Mulipitisha sheria yote chini ya meza, wewe na mama.»

Tuje kwenye bima yenyewe.

Sisi agronomu tunajua ghala. Wakulima ishirini wanaweka kila mmoja debe moja kwenye ghala la kijiji. Mwaka huu shamba la mmoja linaliwa na nguruwe wa pori, ghala linamlisha. Wengine kumi na tisa hawapati kitu, na hawalii, kwa sababu mwaka kesho nguruwe anaweza kwenda kwao. Bima ni hiyo tu, na debe unaloweka kila mwaka linaitwa prime. Tofauti yake na likelemba ni hii: katika likelemba unapokea pesa yako mwenyewe, kwa zamu, hata kama hakuna kilichokupata. Katika bima, ukipatwa unapokea pesa ya wengine. Usipopatwa, pesa yako haikurudii. Ndiyo maana wengi wetu tunaiona kama wizi. Wazo hilo lina sababu nyingine pia. Kuanzia miaka ya 1960 nchi nzima ilikuwa na kampuni moja tu ya bima, SONAS, iliyoundwa 1966, na kwa wengi bima ilikuwa ile karatasi ya gari ambayo polisi wa barabara anaiomba. Kodi ya bima ya tarehe 17 Machi 2015 ndiyo iliyofungua soko, ikaundwa ARCA kuwa mamlaka ya kusimamia, na mwaka 2019 kampuni binafsi za kwanza zikapata ruhusa. Kwa hiyo kitu hiki bado ni kichanga kwetu, hata Kinshasa.

Ukifika dirishani, usiulize «bima ya mpangaji», wanaweza wasikuelewe. Uliza multirisque habitation, upande wa locataire. Ndani yake utafute mambo matatu yanayolingana na shida zangu tatu. Vitu vyako: moto, mara nyingi pia wizi wa kuvunja mlango, na maji ya bomba. Kisha risques locatifs, yaani deni lako kwa mwenye nyumba. Kisha recours des voisins et des tiers, yaani madai ya majirani. Vijana wengi wakisikia bima wanafikiria godoro na televizio. Mimi nakuambia, ukiwa na pesa ya sehemu moja tu, nunua ya pili na ya tatu. Vitu vyangu vilikuwa vya dola 700, na 700 hata kwa shida mtu atazipata tena. Lakini aneksi nzima ingeungua? Dola elfu kadhaa, na majirani watatu juu yake. Deni linaweza kuwa kubwa mara kumi kuliko mali yako yote, na ndilo linalokufuata mpaka kwenye kazi yako ya kwanza.

Kuna mtego mmoja hapa ambao mimi mwenyewe sikuujua. Watu wanasema: «Mwenye nyumba ni tajiri, yeye iko na bima yake.» Vizuri. Nyumba ikiungua, kampuni yake inamlipa. Halafu kampuni hiyo inachukua nafasi yake na kuja kukudai wewe mpangaji, kwa sababu sheria inasema wewe ndiye unayejibu. Bima ya mwenye nyumba inamkinga yeye. Wewe inakuletea mdai mwenye mawakili. Dawa yake ipo: mwenye nyumba anaweza kuomba kampuni yake iandike kwamba inaacha haki ya kumdai mpangaji. Kwa Kifaransa ni renonciation à recours. Inaongeza prime kidogo, na wapangaji wanaweza kuichangia. Nyumba ya vyumba vinne, kila mmoja anatoa kidogo, karatasi ni moja. Kwangu mimi hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi na maisha yetu ya Kisangani, na haihitaji kila mwanafunzi kwenda kupanga foleni.

Kwa nini nasema iko karibu zaidi? Kwa sababu ya bei. Prime inahesabiwa kwa kuchukua thamani na kuizidisha kwa kiwango fulani, kisha wanaongeza gharama za karatasi na kodi za serikali. Kiwango kinategemea nyumba: matofali ya kuchoma na mabati ni kitu kimoja, udongo na majani ni kitu kingine, na nyumba inayopakana na Kadhafi, wale wanaouza petroli kwa chupa barabarani, ni kingine kabisa. Tufanye hesabu ya mfano tu, viwango hivi nimevitunga ili muone namna. Vitu vya dola 700 kwa kiwango cha 0,5 kwa mia: dola 3,50 kwa mwaka. Aneksi ya dola 6 000 kwa kiwango cha 0,2 kwa mia: dola 12. Jumla 15,50 kwa mwaka mzima. Unaona? Hatari yenyewe ni bei ya chupa chache za bia. Lakini kampuni inapaswa kuandika faili, kumlipa ajenti, na siku ya moto kumtuma eksperti mpaka Mangobo. Kwa dola 15,50 haiwezi. Kwa hiyo inaweka bei ya chini kabisa, ambayo haishuki hata kama mali yako ni ndogo, na mwenye chumba cha dola 35 anajikuta analipa kama mwenye villa ya Plateau. Sioni kwamba kampuni zinatuchukia. Chumba kimoja hakibebi gharama ya karatasi yake, basi. Ndiyo maana vikundi ni muhimu: wapangaji wa parsele moja, hom ya wanafunzi, hata chama chetu hiki cha wahitimu, wakienda pamoja na orodha moja, gharama ya karatasi inagawanywa. Nimelileta wazo hili kwenye mkutano wetu mara moja. Lilikufa baada ya kinywaji. Naliandika hapa lisipotee.

Kwa wenzetu walio nje jambo hili limekwisha kuwa la kawaida. Binamu yangu yuko Liège. Kabla ya kupewa ufunguo aliombwa hati ya bima ya moto, kwa sababu Wallonie imewalazimisha wapangaji kuwa nayo tangu tarehe 1 Septemba 2018, na Flandre ikafuata 2019. Ufaransa ni lazima tangu sheria ya tarehe 6 Julai 1989 kwa nyumba za kawaida za kukaa. Marekani hakuna jimbo linalomlazimisha mpangaji, ila wenye nyumba wengi wanaandika sharti hilo katika mkataba, na watu wanalipa kama dola 15 mpaka 20 kwa mwezi, na mara nyingi ndani yake kuna kinga ya deni ya dola 100 000. Unaweza kusema, basi kwao ni rahisi. Ni rahisi kwa sababu karibu kila mtu anaweka debe lake kwenye ghala. Pia kwao nyumba ina namba, ina hati, ina ankara. Binamu anasema kilichomshangaza ni kwamba hati ilifika kwa simu kabla hajafika nyumbani.

Nirudi kwetu, kwenye yale ambayo bima haitalipa, kwa sababu hapa ndipo watu wanalia baadaye. Kuna kwanza franchise, sehemu ya hasara inayobaki juu yako kila mara. Franchise ikiwa dola 100 na sufuria zako za dola 80 zikaibiwa, hupati kitu. Kuna uchakavu: kompyuta uliyoinunua 350 miaka minne iliyopita haitalipwa 350, isipokuwa hati imeandika wazi kwamba wanalipa bei ya kipya. Kuna pesa taslimu, ambazo mara nyingi haziingii. Kuna wizi bila kuvunja: ukiacha ufunguo kwa jirani kama mimi, na kitu kikapotea, jiandae kwa mjadala mrefu. Kuna kusema uongo siku ya kuandika, kwamba hupikii makala ndani, kwamba huhifadhi petroli ya jenereta chini ya kitanda. Eksperti atanusa. Na kuna prime isiyolipwa: karatasi unayo, lakini hukumaliza kulipa, basi usihesabu kwamba una bima. Ukipatwa, hati inasema siku ngapi unazo za kutoa taarifa, na ni chache. Zisome siku unaposaini, usingoje siku ya moshi.

Halafu kuna mawili yanayotugusa sisi watu wa Boyoma kwa namna ya pekee. Moja ni maji. Mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 mto Kongo ulipanda kimo ambacho haukukifikia kwa karibu miaka 60, na Tshopo ilikuwa kati ya mikoa iliyofurikiwa. Mafuriko si «maji ya bomba». Katika hati nyingi ni hatari ya asili, iko nje mpaka uinunue peke yake, na anayekaa kando ya mto ataulizwa maswali mengi. Lingine ni vita. Kampuni za bima duniani kote zinaiweka vita nje, na sisi tunajua maana yake. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu kwa mizinga. Mimi nilikuwa mtoto; nakumbuka zaidi kulala chini ya kitanda kuliko sauti yenyewe. Nyumba ngapi ziliharibiwa, za wenyewe na za kupanga? Hakuna kampuni iliyokuja kulipa.

Kilichokuja ni hukumu, na namna ilivyokuja inafundisha juu ya somo letu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye iliiona Uganda na hatia mwaka 2005, kwa vita vyote ilivyofanya kwetu, na tarehe 9 Februari 2022 ikapanga fidia: dola milioni 325. Kati ya hizo, 225 ni kwa madhara ya watu, 60 kwa mali ya asili, na 40 tu kwa mali za watu na majengo. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya bilioni 11. Kwa nini pengo kubwa hivi? Sehemu ya jibu ni ushahidi. Kwa upande wa mali, majaji waliona vithibitisho havitoshi kuhesabu nyumba kwa nyumba, kwa hiyo wakatoa kiasi cha jumla. FRIVAO, mfuko uliowekwa kugawa pesa hizo, una makao yake hapahapa Kisangani, na wazee wetu wanapeleka huko kile walicho nacho. Mpangaji wa mwaka 2000 ambaye hakuwa na mkataba, hakuwa na risiti, hakuwa na picha, ataonyesha nini? Radio yake aliyoipenda iko kichwani mwake tu.

Ndiyo maana, mdogo wangu, kabla hata ya kufikiria kampuni yoyote, kuna karatasi ambazo hazikugharimu zaidi ya fotokopi. Dada wa dirishani aliniambia jambo ambalo sikulitegemea kutoka kwa mtu anayeuza bima: kwamba mteja mwenye orodha nzuri na asiye na bima anaweza kupata kitu kwa mazungumzo, na mteja mwenye bima asiye na orodha anaweza kukosa vyote. Andikeni mkataba. Andikeni garanti ni kiasi gani na itarudi lini. Siku ya kuingia zunguka chumba pamoja na mama au baba mwenye nyumba, mkiandika hali yake: bati lina tundu, prizi imelegea, waya unaonekana ukutani. Wote wawili mtie sahihi. Ningekuwa nimeandika siku ya kwanza kwamba waya wa ukutani ulikuwa umechubuka, na ulikuwa umechubuka kweli, mazungumzo yangu kwenye komini yangekwenda njia nyingine. Nilisema. Mama akasema haukuwa hivyo. Ukuta wenyewe ulikuwa umeanguka.

Kisha vitu vyako: piga picha kila kimoja, pamoja na namba ya nyuma ya kompyuta, weka risiti, na usiviache kwenye simu hiyohiyo ambayo inaweza kuungua. Vitume kwenye anwani yako ya imeli au kwa dada yako. Diploma na atestasyo, weka nakala zilizothibitishwa kwa wazazi. Hakuna bima inayorudisha diploma. Mimi nilitembea miezi minne kwa ajili ya karatasi moja.

Mama mshonaji? Hakunidai. Nilipokwenda kumuomba msamaha alisema moto haukumjua mtu, na vitambaa vya wateja alivilipa mwenyewe, kidogo kidogo, akishona kwa mashine ya kuazima. Alikuwa na haki juu yangu, na hakuitumia kwa sababu alijua sina kitu. Kama ningekuwa na ile sehemu ya tatu, ya majirani, angepata mashine yake bila mtu yeyote kuomba msamaha kwa mtu. Nikiwaza juu ya bima leo siwazi godoro langu, nawaza ile mashine.

Mdogo amekwenda tena kwa mwenye parsele wa Makiso na sheria ya 2015 imechapwa kwenye karatasi. Wamekutana kwenye miezi 4. Siyo 3, lakini kuna mkataba, na mzee amekubali kuuliza kwa kampuni yake juu ya ile renonciation kama wapangaji wote watano watachangia. Jana alinitumia orodha ya vitu vyake nimsomee. Iko nzuri, na bei na picha. Alisahau ralonji. Nimemwambia aiandike, na mbele yake aandike ni nani wengine wanaochomeka simu zao humo.